Pwani Isiyo na Bahari: Historia ya Matembezi kutoka Kinama hadi Rusizi



Kila mwaka ninapowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza insha yenye kichwa "Siku moja ufukweni", hupokea rundo la karatasi zilizojaa minazi, madafu, mashua za tanga na upepo wa Mombasa. Wengi wa walioziandika hawajafika Mombasa wala Dar es Salaam. Wanatoka Kinama, Kamenge, Buyenzi na Gatumba, na ufuko wa mchanga wenye msitu nyuma yake uko umbali wa saa mbili au tatu kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Ukiwauliza kwa nini hawakuandika juu ya Rusizi, watakujibu kwa adabu: "Mwalimu, ile si pwani."

Kisarufi wana hoja. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuiacha nchi wazi. Pwani ni mahali pa maji kupwa na kujaa, na ziwa halina jambo hilo mara mbili kwa siku kama ilivyo baharini. Ndiyo maana ndugu zetu wa Kigoma na Mwanza wanapendelea kusema mwalo au mwaloni kwa mahali mitumbwi inapotua, na sisi wa Bujumbura tukiwa na haraka twasema tu "tunaenda plaji". Hata hivyo, mtu akiitazama historia ya Ziwa Tanganyika kwa makini ataona kwamba nalo hupwa na kujaa. Tofauti ni kwamba huchukua umri wa mtu mzima, na pengine wa watu wawili, kufanya kile ambacho bahari hufanya kati ya asubuhi na jioni. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa matembezi ya siku moja kutoka Kinama hadi Rusizi hupita juu ya ardhi ambayo maji yaliiacha na kuirudia, na kwamba ruhusa ya kwenda huko imetegemea amani kuliko nauli.

Tuanze na mto wenyewe. Rusizi, ambao majirani zetu wa Kongo huuita Ruzizi, unatoka Ziwa Kivu na kushuka takriban kilomita 117 hadi Tanganyika. Leo mtoto yeyote wa Gatumba anajua hivyo. Katika karne ya 19 lakini, wanajiografia wa Ulaya waligombana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu iwapo mto ule ungekuwa unatoka ziwani kuelekea kaskazini, basi Tanganyika ingekuwa chemchemi ya mto Naili. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858 kutafuta jibu. Speke alikuwa akizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, na Bombay ndiye aliyekuwa akigeuza maneno kwa Kiswahili. Swali lililowatesa mabwana wa London lilikuwa basi limekaa juu ya kitenzi kimoja cha kwetu: mto unaingia au unatoka? Wenyeji wa Uvira waliwaambia kuwa unaingia. Wageni hawakupata kufika mlangoni mwa mto kujionea, na ubishi ukaendelea kana kwamba hakuna mtu aliyejibu. Wanafunzi wa tafsiri wanaodhani kazi yao ni ndogo nawashauri waikumbuke safari ile.

Jibu la macho lilipatikana miaka 13 baadaye. Mwezi wa Novemba 1871, wiki chache tu baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi na kuambaa na ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini. Walilala Mugere, kusini ya Bujumbura ya leo, ambako jiwe lenye majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871 lingali linatembelewa. (Wapo wanaowaambia watalii kuwa hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, na Mugere walifika wakiwa tayari marafiki.) Kisha wakapokewa katika nchi ya Uzige na mtemi Mukamba, na kutoka kwake wakaenda kuona Rusizi ukiingia ziwani kupitia matete. Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama ya wazungu wawili. Lakini mtumbwi ulipigwa makasia na watu wa Ujiji na wangwana wa msafara, na lugha iliyopita kati ya wengi wao ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimekanyaga mchanga wa Rusizi kabla hakujawa na mji uitwao Usumbura.

Sasa tafadhali, msomaji, shika jambo hili: mchanga aliokanyaga Stanley siye huu tunaotandika mikeka yetu. Mwaka 1876 alirudi Ujiji na kukuta miti mitatu ya jamii ya mnazi, iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871, sasa imo ndani ya ziwa. Maji yalikuwa yakijaa. Njia ya pekee ambayo ziwa hili hutolea maji ni mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na mji wa leo wa Kalemie, na njia hiyo ilikuwa imezibwa na matope na mimea. Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874 akasema maji yanatoka. Stanley alifika miaka miwili baadaye akasema bado. (Hapa tena, kuingia au kutoka!) Mnamo 1878 kizuizi kilivunjika, na ziwa lililokuwa limefikia kiasi cha mita 783 juu ya usawa wa bahari likaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Siku hizi tunazungumzia mita 774 hadi 777. Ukizingatia ulivyo tambarare uwanda wa Imbo, utaona mwenyewe kuwa tofauti ya mita 6 hadi 9 ni nchi nzima. Sehemu kubwa ya ufuko wa Kajaga na mitaa ya chini ya Bujumbura ilikuwa chini ya maji babu wa babu zetu walipokuwa wavulana. Maji yalipwa, nchi ikabaki wazi, na mikoche na matete yakateremka kuifuata. Kama hiyo si pwani, basi sijui pwani ni nini.

Juu ya ardhi hiyo iliyofunuliwa ndipo Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi mwishoni mwa miaka ya 1890, wakaleta askari na makarani waliotumia Kiswahili, na wachuuzi wa Ujiji wakawafuata. Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916 walikuta jamii ya Waswahili imekwisha kuota mizizi, jamii ambayo baadaye iliwekwa Buyenzi. Habari za Buyenzi zimeandikwa sana, sitazirudia. Ninachotaka kuongeza ni kwamba katika mji ule uliogawanywa kwa rangi, upepo wa ziwa nao uligawanywa. Mwafrika alikwenda ziwani kuvua, kupakua mizigo bandarini na kuchota mchanga wa kujengea. Kwenda kukaa tu na kutazama maji, bila ndoo wala wavu, ni desturi iliyotukalia vizuri baada ya uhuru wa 1962, mwaka ambao Usumbura ilichukua jina la Bujumbura.

Na uhuru wenyewe ulikuja pamoja na maji. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilijaza maziwa karibu yote ya Afrika Mashariki, Victoria na Tanganyika yakiwemo, na mwaka 1964 ziwa letu lilifikia kiwango cha juu kabisa katika karne ya 20. Kisha likapwa tena. Watu wakasahau, kama watu wanavyosahau deni wasilodaiwa.

Niruhusu sasa nizungumzie msitu. Hifadhi ya Rusizi ilianzishwa mwaka 1980. Mwaka 1990 ilipandishwa cheo kuwa mbuga ya taifa, mwaka 2000 ikashushwa kuwa hifadhi tu, na mwaka 2011 ikarudishiwa ubuga wake. Delta yake imo pia, tangu mwaka 2002, katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu inayotokana na mkataba wa Ramsar. Ina sehemu mbili ambazo mgeni huzichanganya. Ya kwanza ni delta, karibu na daraja la barabara ya Gatumba, yenye matete, mafunjo, viboko, mamba na ndege wengi. Ya pili iko juu zaidi, upande wa Gihanga, nayo ni msitu wa mikoche. Mkoche ni mti wa jamii ya mnazi wenye majani ya upepeo na matunda magumu ya rangi ya kahawia ambayo watoto huyaguguna kwa muda mrefu bila kushiba. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, nilipanda daladala kila wiki kupita mtaa wa Mikocheni, na sikuona kwa wingi mikoche iliyoupa mtaa huo jina. Jina limebaki, miti imetoa nafasi kwa nyumba. Sisi tuna miti yenyewe, tena kwa wingi, na wanafunzi wetu wanaandika minazi!

Ukiwa na nauli ndogo, Kinama ndiyo mahali pazuri pa kuanzia safari ya kwenda sehemu zote mbili. Mtaa huu, uliokuwa komine kamili hadi mageuzi ya mwaka 2014 ulipoingizwa Ntahangwa, uko kwenye kingo ya kaskazini ya jiji, mahali nyumba zinapoanza kupungua na mashamba ya mpunga kuanza. Lakini ukaribu huo ndio uliotuponza. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya kaskazini iligeuka uwanja wa vita, na mwaka 1995 Kamenge na Kinama zilibaki karibu tupu. Waliokimbia walipita njia mbili kuu: wengine vilima vya mashariki, wengine magharibi kupitia Maramvya na Gatumba hadi Uvira. Njia hii ya pili ndiyo ile ile ya matembezi ya Jumapili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliiona delta kwa mara ya kwanza usiku, nimebeba sufuria yenye unga kichwani, na mama akituambia tusikanyage matete yenye sauti. Kiswahili changu nilikipata Uvira, sokoni na kwenye foleni ya maji, na nilikuwa nimekizoea vya kutosha kutukana na kuomba msamaha vita vilipotufuata huko Oktoba 1996 tukarudi tulikotoka. Nalitaja hili kwa sababu wengi wa rika langu hapa Kinama wana historia ya namna hiyo. Wanaosema kuwa Kiswahili cha mitaa ya kaskazini kimechafuliwa na Kikongo wangefaa kwanza waulize kilipita daraja gani na saa ngapi za usiku.

Baada ya hapo msitu haukuwa tena mahali pa kwenda. Bonde la Rukoko, ambalo ni sehemu ya hifadhi, lilikuwa njia ya wapiganaji wa kutoka na kuingia Kongo, na ambaye hakuwa na silaha hakuwa na shughuli huko, isipokuwa wachungaji na wakata majani waliosukumwa na njaa. Hata Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 hayakutosha kuifungua njia. Mwishoni mwa Februari 2001, wapiganaji wa FNL waliingia Kinama na kuishika sehemu ya mtaa kwa karibu wiki mbili, na maelfu ya watu wakabeba magodoro yao kwa mara nyingine. Na tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, mwendo mfupi kutoka mahali ambapo leo familia hushuka na vikapu vya chakula. Siandiki haya ili kuwaharibia watu matembezi. Naandika kwa sababu kuna kizazi darasani kinachodhani kwamba wazazi wao hawapendi msitu kwa kuwa ni washamba.

Mapatano ya kusimamisha vita yaliyotiwa saini Dar es Salaam, ya CNDD-FDD mwaka 2003 na ya FNL mwaka 2006, pamoja na kuvunjwa kwa jeshi la FNL mwaka 2009, ndiyo yaliyoirudisha Jumapili. Nazikumbuka vizuri Jumapili zile za mwanzo. Watu hawakujua la kufanya na mchanga. Walikaa wakiwa wamevaa viatu, migongo yao ikiwa imeelekea ziwani na macho yakitazama barabara. Polepole viatu vikavuliwa. Ukafika wakati ambapo kikundi cha kwaya, timu ya mpira au wahitimu wa shule hawakuona sherehe imekamilika bila kwenda plaji kula mukeke wa kuchoma na ndizi za kukaanga. Hofu pekee iliyobaki ikawa ya kawaida, ya viboko na mamba, hasa yule mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave ambaye sifa yake ilivuka hadi Marekani na kuingia katika filamu. Nilifurahi kuwasikia watoto wa Kinama wakimwogopa mamba. Ilikuwa ni maendeleo.

Kisha ziwa likakumbuka. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake na kuifunika Gatumba, na watu kwa makumi ya maelfu wakahamishwa. Wengi waliwekwa katika kambi za Kigaramango na Sobel, upande wa Maramvya, yaani jirani na sisi. Maji yalirudi 2021, na tena 2023 na 2024, ziwa likapanda hadi kukaribia kile kiwango cha 1964. Mabaa yaliyokuwa yamejengwa juu ya mchanga yaligeuka visiwa, na niliona viti vya plastiki vikielea mahali tulipokuwa tumefanyia sherehe ya mahafali. Wengi walisema jambo kama hilo halijawahi kutokea, na magazeti mengi yakawaunga mkono. Lilikwisha kutokea. Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi wa zamani, alinionyesha kwa fimbo mpaka yalipofikia alipokuwa kijana, na mwaka alioutaja ulikuwa huo huo wa 1964.

Hapo ndipo naona historia inapodaiwa kazi na wengine kuliko na sisi walimu. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 za kando ya Ziwa Tanganyika ziachwe bila majengo. Ukitembea ufukoni leo utapima mwenyewe kwa hatua zako jinsi mita hizo zilivyoheshimiwa. Kuta zimesogea hadi majini, na mahali pengi mtu wa Kinama hawezi kuufikia mchanga bila kununua soda kwanza. Waliojenga hapo walidhani wamenunua ardhi, kumbe wamenunua pwani, na pwani kwa maana ya neno lenyewe ni mahali ambapo maji yatarudi. Nadhani kama neno hilo lingefundishwa vizuri shuleni, baadhi ya kuta zile zisingejengwa, au angalau zingejengwa na watu wanaojua wanachofanya.

Mto nao haujaacha kazi yake ya zamani. Februari 2025, vita vilipokaribia Uvira, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuja upande wetu, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea. Niliowasikiliza walinisalimia kwa Kiswahili kile kile nilichojifunza kwenye foleni ya maji miaka thelathini iliyopita. Hawakuniuliza kama ufuko ule ni pwani.

Kwa wanafunzi watakaofuatana nami safari hii, maelezo ni machache. Tutakwenda Jumapili, kwa kuwa Jumamosi asubuhi ni ya kazi za maendeleo ya jumla na jua la baadaye halitembeki. Kutokana na shida ya mafuta hatutategemea basi. Tutatoka Kinama saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu, tupitie Chanic na kuifuata barabara ya Gatumba hadi lango la hifadhi, na sehemu ya mikoche tutaiacha kwa siku nyingine kwani iko barabara ya Gihanga. Mkate na maji kila mtu abebe vyake. Kila mmoja aje na daftari lenye maneno ishirini ya mahali pale aliyoyapata kwa wazee wa mtaani kwake, ya Kirundi, ya Kiswahili au ya Kifuliru: majina ya matete, ya nyavu, ya pepo, ya mchanga mkavu na mchanga uliolowa. Na aliye na bibi au babu anayeyakumbuka maji ya 1964 amsikilize kabla ya Jumapili, amwombe amwonyeshe yalifikia wapi, kisha aweke alama.